Lita Moja ya Maziwa

Baba alikaza skrubu kwa kifundo cha mkono.
"Kaza hadi igome," alisema, "kisha ongeza kidogo."
Hicho kidogo
hakikuandikwa popote.

Amekwenda nacho, Taisto Moilanen,
akaniachia bunduki, mbwa, kibanda cha mvuke
na darubini yenye kovu, pale pete ya nyuma ilipoiuma.

Oktoba iliyopita, ng'ambo ya kinamasi,
kulungu dume, pembe pana kama sepetu,
alisimama ubavu wazi, mita themanini.
Nikashusha pumzi. Nikavuta.
Darubini ilikuwa imehama,
unywele tu,
na unywele wa huku ni shibiri ya kule.

Nilimfuata siku mbili juu ya theluji changa:
tone, hatua kumi, tone.
Tirri mbele ananusa, mimi nyuma nahesabu.
Tulivyomkuta sitasimulia.

Basi leo niko Kuhmo, dukani kwa Ossi,
nimezipanga spana za kipimo juu ya kaunta
kama mnunuzi wa samaki afunuaye mashavu.

Hii ya namba zinazowaka, euro mia mbili na kumi:
inalia kama simu, inakula betri,
na betri huku hufa kabla ya Desemba.
Hii kubwa ni ya magurudumu ya lori,
inaanza kuhesabu skrubu zangu zikishakatika;
ni kumwita mhunzi aje kushona kifungo.
Hii ya euro kumi na tisa ina kasha zuri.
Kasha zuri sana.
Na hii, sitini na tano, mpini wa shibiri moja na nusu,
nyutoni-mita moja hadi sita:
ikifika husema *ta*,
ikanyamaza, kama mtu aliyelelewa.

"Ni sahihi?"
"Karatasi inasema haikosei zaidi ya asilimia nne."
"Karatasi haijamfuata kulungu, Ossi."

Nikavuka barabara,
nikarudi na lita moja ya maziwa na uzi wa kuvulia.
Rula ilikuwa yake, jiliwa pia.
Tukabana kichwa cha spana, mpini ukalala,
kipimo tukakiweka kwenye mbili.
Uzito wa mpini wenyewe tuliusahau,
tukaukumbuka, tukaanza upya,
Ossi akipiga hesabu nyuma ya risiti na kunung'unika.

Tukatundika maziwa karibu. Kimya.
Tukayasogeza, kidole kwa kidole,
hadi penye alama tuliyoichora kwa penseli:
*ta.*
Mara ya pili, penye alama.
Ya tatu, penye alama.

Ile ya kasha zuri ililia mapema,
kisha ikachelewa,
kisha ikagoma kabisa,
maziwa yakining'inia mbele yetu kama swali.

Nililipa sitini na tano. Maziwa tuliyanywa.

Usiku, mezani, taa imeshushwa,
nilitaka kujua jambo moja kabla ya kufungua chochote.
Nikashika skrubu ya nyuma, aliyoikaza zamani,
enzi akibeba paja la kulungu begani peke yake.
Mbili: *ta*, haikutikisika.
Tatu: *ta.*
Tatu na nusu, nne,
ndipo ikasogea.
Kumbe hiki, baba. Hiki ndicho kidogo chako:
maradufu ya kinachotakiwa.

Nikahamia pete ya mbele.
Hiyo aliikaza kiangazi kile cha mwisho,
amerudi kutoka hospitali ya Kajaani,
nami nikimwambia apumzike, akinijibu bado kidogo.

Nikashusha kipimo hadi moja, chini yake hakuna.
Nikageuza.
Skrubu ikazunguka,
ikazunguka,
spana haikusema kitu.